Sanduku la Vitabu: Nani Anamsimulia Mnyonya Damu?

Toleo lililopita niligusia hadithi za kutisha kwa aya moja tu, na wapenzi wa mavampaya, wale wanyonya damu wa hadithini, wakaniandikia kwa wingi. Nimechagua barua tano.

Mwalimu, shikamoo. Nampenda Edward Cullen, vampaya wa *Twilight*, tangu kidato cha tatu na sioni haya kusema. Kaka yangu ananicheka. Anasema vampaya halisi ni Dracula, mzee anayenuka mdomo, na hawa wenye sura nzuri wametungwa juzi kwa ajili ya wasichana. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako kwamba vampaya mtanashati alimtangulia Dracula kwa miaka 78.

Katika masimulizi ya vijiji vya Ulaya Mashariki, vampaya alikuwa maiti ya mkulima, imevimba, uso mwekundu, inatoka kaburini kuwasumbua ndugu na majirani. Aliyemtoa kijijini akamvika koti la kibwana ni daktari kijana, John Polidori. Mwaka 1816 mshairi Lord Byron alimwajiri awe daktari wake safarini. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa cha mvua na baridi, kwa sababu mlima Tambora, katika Indonesia ya leo, ulikuwa umelipuka Aprili 1815 na majivu yake yakaharibu hali ya hewa hadi Ulaya. Byron na wageni wake wakazuiliwa na mvua ndani ya nyumba ya Villa Diodati, kando ya Ziwa Geneva, wakaanza kushindana kutunga visa vya kutisha. Mary Shelley alianzia hapo kitabu chake cha Frankenstein. Byron alianza kisa chake akakiacha njiani. Polidori akakiokota, akakifanya chake.

Vampaya wake, Lord Ruthven, anaishi katikati ya matajiri wa London. Uso umepauka, macho hayana joto, na kila nyumba inamwalika. Jina la Ruthven lilitoka kwenye riwaya ya Lady Caroline Lamb, aliyewahi kuwa mpenzi wa Byron na akamchora humo kwa hasira. Kwa hiyo vampaya wa kwanza mwenye mvuto ni Byron mwenyewe, akitazamwa na mtumishi aliyechoshwa naye. Hadithi ilipochapishwa Aprili 1819, gazeti likaandika kwamba mtunzi ni Byron. Polidori alilalamika, lakini sifa zilikwisha kwenda kwa bwana wake. Alifariki mwaka 1821 akiwa na miaka 25, na mimi kila nikilitaja jina lake nalitaja lote: John William Polidori.

Edward wako ana na babu wengine. Stephenie Meyer, aliyemtoa mwaka 2005, amesema jina hilo lilimjia kutokana na Rochester wa Charlotte Brontë na Ferrars wa Jane Austen, ambao wote wawili ni akina Edward. Ukisoma *Jane Eyre* utamtambua mara moja: mwanamume mkali, mwenye siri nzito ndani ya nyumba kubwa, anayemwonya msichana ajihadhari naye huku akimwomba asiondoke.

Mwalimu, kundi letu la kusoma limegawanyika: nusu Dracula, nusu Carmilla. Nani ana deni kwa mwenzake? Na wewe uko upande gani? (M., Nakuru)

Niko upande wa Carmilla.

Deni ni la Dracula. Sheridan Le Fanu, mtu wa Dublin, alimchapisha Carmilla, vampaya wa kike, kwa sehemu kuanzia mwishoni mwa 1871, kisha ndani ya kitabu mwaka 1872. Bram Stoker, mtunzi wa Dracula, naye ni mzaliwa wa Dublin, na ujanani aliandika uhakiki wa michezo ya kuigiza katika gazeti ambalo Le Fanu alikuwa mmoja wa wamiliki wake. *Dracula* kilitoka mwaka 1897. Maandalizi ya Stoker bado yapo, na yanaonyesha kwamba mwanzoni kasri la Dracula, yule Kaunti (cheo cha kibwana cha Ulaya), halikuwa Transylvania. Lilikuwa Styria, huko Austria, mahali palepale anapoishi Carmilla. Hata jina la Dracula alilikuta baadaye, mwaka 1890, akiwa mapumzikoni katika mji wa pwani wa Whitby, ndani ya kitabu cha William Wilkinson kuhusu Wallachia na Moldavia. Kabla ya hapo alikuwa amemwita Wampyr. Na katika hadithi yake fupi iliyochapishwa mwaka 1914, baada ya Stoker kufa, msafiri anajificha dhoruba katika kaburi la bibi mmoja mwenye cheo kutoka Styria. Salamu hizo kwa Le Fanu ziko wazi.

Lakini deni si sababu ya kumpenda mtu. Nampenda Carmilla kwa jinsi anavyosimuliwa. Msimulizi ni Laura, msichana mpweke aliyemkaribisha nyumbani kwao, na Laura anaandika miaka mingi baadaye, akijua yote, bila kuacha kumtamani rafiki yake. Tazama ukurasa wa mazishi. Wawili wamekaa chini ya miti, maziko ya binti wa mlinzi wa msitu yanapita, Laura anasimama na kuitikia wimbo. Carmilla anamtikisa kwa ukali, anasema wimbo unamuumiza masikio, kisha anakaa chini, amekunja ngumi, ameuma meno, anatetemeka mwili mzima kama mwenye homa. Le Fanu haelezi kitu. Mara baadaye anapita mchuuzi mwenye kibiongo, anauza hirizi chini ya dirisha. Anamwona Carmilla jino moja refu, jembamba, lenye ncha kama sindano, na kwa adabu zote anajitolea kulisawazisha kwa tupa. Carmilla anakasirika, anataka mtu huyo achapwe. Mchuuzi wa njiani ameona kile ambacho baba wa nyumba, mwenye kasri, hakioni.

Sasa mtazame Dracula. Kitabu chake kimejengwa kwa shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti, hata sauti ya daktari iliyorekodiwa kwenye fonografu. Jonathan anaandika, Mina anaandika, Lucy anaandika, Seward anarekodi. Kaunti peke yake hana ukurasa hata mmoja wa kujieleza. Anasimuliwa na watu wanaomwinda, ndiyo maana anatisha hivyo, na ndiyo maana hatujui moyoni mwake mna nini. Waulize wenzako wa upande wa Dracula: mnampenda yeye, au mnapenda kumwogopa?

Mwalimu, katika kitabu Dracula anatembea mchana. Mwandishi alisahau? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hakusahau. Kwa Stoker jua humpunguzia nguvu tu. Jonathan anamwona mchana kweupe Piccadilly, London, akimkodolea macho msichana mrembo. Jua la kuua lilikuja na filamu ya Kijerumani *Nosferatu* ya mwaka 1922, ambayo ilichota kisa cha Stoker bila ruhusa hadi mjane wake akaipeleka mahakamani. Na kwa kuwa umesoma kwa makini, tazama tena kurasa za mwisho: Kaunti hachomwi mti moyoni. Anauawa kwa visu viwili.

Mwalimu, Claudia wa Anne Rice ameninyima usingizi. Kwa nini mwandishi amfanyie mtoto ukatili ule? (Mama wa watoto wawili, Bujumbura)

Dada yangu, pole. Anne Rice alikuwa na binti, Michele, aliyefariki kwa saratani ya damu mwaka 1972 kabla hajatimiza miaka sita. Riwaya yake *Interview with the Vampire* ilitoka mwaka 1976, na ndani yake mna Claudia, msichana wa miaka mitano anayepewa damu ili asife. Hafi, lakini hakui pia. Akili inakuwa ya mwanamke, mwili unabaki na mikono midogo ya mtoto. Siwezi kuuita ukatili. Naona mama aliyeandika lile lililokuwa mbele yake.

Na katika kitabu hicho mambo yanageuka. Louis, vampaya msimulizi, anakaa chumbani na kijana mwenye kinasa sauti, anasema mwenyewe, usiku kucha. Hatusikii tena wawindaji. Lestat, aliyemgeuza Louis kuwa vampaya, naye akaja kujitetea katika kitabu kilichofuata, na wasomaji wakamsamehe karibu kila kitu, kwa sababu safari hii kinywa kilikuwa chake.

Mwalimu, babu yangu alituonya tusitembee usiku, mumiani watatukamata watutoe damu. Kwa nini Lestat anapendwa na mumiani hapendwi? (K., Mombasa)

Barua yako ndiyo niliyoifikiria zaidi.

Mumiani, na wazimamoto wa Nairobi na Kampala waliosemwa nao kuchota damu, wanasimuliwa na watu waliohofia kukamatwa. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyachapisha mwaka 2000. Wanyonya damu wa kwetu ni watu wa kazi, wana gari, wana vifaa, wana bosi, na mara nyingi bosi huyo ni serikali ya kikoloni. Hawamng'ati mtu shingoni wala hawamwambii maneno matamu. Mtu hampendi anayemchota damu kwa mshahara, na sioni kwa nini tumtake mwandishi atulazimishe.

Kama una nia ya kutunga, soma kwanza *Fledgling* cha Octavia Butler, Mmarekani mweusi, kilichotoka mwaka 2005. Vampaya wake, Shori, ni mweusi, amepoteza kumbukumbu, na anasimulia mwenyewe huku akijitafuta. Weusi wake ndio unaomwezesha kustahimili jua, na ndio sababu wenzake wengine wanataka afe. Butler hakumkopa Dracula hata kucha. Alianza na swali lililokuwa lake.

Lako liko kwa babu yako. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, kaa naye umuulize gari lilikuwa la rangi gani, lilisimama mtaa upi, nani alitoweka, na nani alikwenda kuuliza habari zake.