Muvi, taarabu na riwaya: uliza, Dada akujibu

SWALI: Dada, habari za kazi. Mwezi wa pili mimi na mume wangu tunaenda Unguja, watoto tunamwachia bibi yao, na hatutaki kwenda kulala tu ufukweni. Naomba muvi ya kuangalia kabla ya safari, muziki wa laivu wa kwenda kusikiliza tukiwa huko, na riwaya ya historia ya kusoma kwenye boti ila isiwe kama notsi za fomu foo. Mume wangu vitabu hasomi, yeye muvi tu.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu, muvi na riwaya unavipata kwenye hadithi moja, Vuta N'kuvute. Riwaya ameandika Shafi Adam Shafi, ilitoka 1999, na muvi ya Amil Shivji ilitoka 2021 ikaoneshwa mpaka kwenye tamasha la Toronto kule Kanada. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin ni binti wa Kihindi, mdogo kabisa, kaozwa mwanaume wa rika la baba yake, akamkimbia, ndugu zake wakamkataa, basi anayempokea ni shoga yake Mwajuma huko mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Unguja mjini, na hapo ndipo anakutana na Denge, kijana wa harakati anayewindwa na askari kwa sababu ya magazeti yaliyopigwa marufuku.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Anzeni na muvi, kitabu baadaye. Najua wengi watabisha, lakini mtu akisoma kwanza anakaa mbele ya skrini anahesabu kilichokatwa, huyu yuko wapi, ile sehemu mbona hamna, halafu anatoka kanuna wakati muvi ni nzuri kweli kweli. Muvi inakupa macho ya mapenzi na vichochoro na ule ukimya wa watu wanaopendana kwa kujificha, haina haraka, mwambie mzee aweke simu pembeni. Kitabu ndo kinakupa watu wote, wale wa mtaani, wale askari, ubishi wa siasa, vituko vya Mwajuma ambaye mi nampenda kuliko hata Yasmin mwenyewe. Na lugha yake inatembea, wala hutakumbuka notsi. Boti ya masaa mawili haikitoshi, utaendelea nacho hotelini.

Kwenye muziki, mwezi wa pili ndo mwezi wa Sauti za Busara, tamasha lipo tangu 2004 na nyumba yake kubwa miaka mingi imekuwa Ngome Kongwe pale Forodhani, kwa hiyo angalieni tarehe kabla hamjakata tiketi za boti. Ila naomba sana, hata mkienda Busara, tafuteni na usiku mmoja wa taarabu asilia, ile ya kukaa kwenye kiti, kuna vyombo kama udi, kanuni, fidla, akodiani. Ulizeni Culture Musical Club, wapo tangu 1958, au Nadi Ikhwan Safaa wa Malindi ambao wameanza 1905, yaani kikundi kina zaidi ya miaka mia! Ulizeni pia kwa vijana wa DCMA, chuo cha muziki cha hapo hapo Mji Mkongwe. Beti ikikugusa unainuka taratibu unaenda kumtunza mwimbaji, usiogope kuwa mgeni, wewe beba noti ndogo ndogo. Na ukiwa unaangalia muvi mwangalie Siti Amina, yule ni mwimbaji wa kweli wa Siti and the Band, ukimsikia laivu utanielewa.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Muscat, mama yangu yuko nami na anapenda kusoma ila Kiingereza hajui. Kila mtu anamtaja Abdulrazak Gurnah, je kuna cha kwake kwa Kiswahili?
Msomaji, Oman

JIBU: Marahaba mwanangu. Kipo, kinaitwa Peponi, ni ile Paradise yake ya 1994, kaitafsiri Ida Hadjivayanis na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Kuna mtoto anaitwa Yusuf, baba yake ana deni kwa tajiri, basi mtoto ndo anatolewa kulipia, anaingia kwenye maisha ya duka na misafara ya bara kipindi Mjerumani anajitandaza. Mimi kimeniumiza hiki kitabu, tajiri yule mpole, ana adabu, ananukia vizuri, na bado kamchukua mtoto wa watu. Msomeeni kwa sauti jioni kama macho yanamsumbua, Kiswahili chake kinafaa kusikilizwa, na huenda mama akaanza kukuhadithia ya kwao ambayo hujawahi kuyasikia.

SWALI: Dada, nipe muvi ya Kibongo ya karibuni isiyo na uchawi. Nipo Tabata.

JIBU: Muvi inaitwa Binti, ya Seko Shamte, 2021. Wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na mzigo wake, na mmoja wao lazima utasema huyu namjua. Angalia na dada zako, msiangalie na wakwe.