Tumeomba miaka tisa, uamsho hauji

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tulianza maombi ya alfajiri kila Ijumaa tukiwa kumi na wanane, tukimwomba Mungu alete uamsho kanisani kwetu. Mhubiri mgeni akatutabiria kuwa moto ungeshuka kabla ya Pasaka. Pasaka ikapita, na nyingine, na nyingine. Huu ni mwaka wa tisa na tumebaki watatu. Wenzetu wanatucheka. Je, tulisikia vibaya, au wakati wa Mungu bado?
Mama wa maombi

JIBU: Amina, mama. Nianze na hiyo Pasaka, maana naona ndiyo iliyowaumiza kuliko miaka tisa. Aliyewapa tarehe aliwapa kisicho chake. Wanafunzi walipomuuliza Bwana habari za majira, aliwajibu kwamba Baba ameyaweka katika mamlaka yake mwenyewe (Matendo 1:7). Ahadi ya Roho walipewa, wakaambiwa wangoje Yerusalemu. Siku hawakutajiwa.

Nasema hivi nikiwa mkosaji mwenzake. Nilipokuwa kijana katika huduma nilitangaza mfungo wa siku arobaini, nikaapa madhabahuni kwamba mwaka hautaisha kabla hatujaona uamsho. Mwaka ukaisha. Mama mmoja mzee akanisubiri mlangoni, akaniuliza taratibu, “Baba, aliyekosea ni Mungu au ni wewe?” Jumapili iliyofuata niliwaomba washirika msamaha. Baada ya ibada, wazee wawili wa kanisa waliokuwa hawasalimiani kwa muda mrefu walishikana mikono kwenye korido, mmoja akilia. Sikujua niite nini jambo lile. Halikuwa nililotangaza.

Kuhusu uchache wenu, hapo sina wasiwasi kabisa. Septemba 23, 1857, mjini New York, Jeremiah Lanphier alifungua chumba cha kanisa kwa maombi ya saa sita mchana. Alikuwa amezunguka akigawa vipeperushi, lakini nusu saa nzima alikaa peke yake. Saa ilipokwisha walikuwa sita. Mwezi uliofuata mabenki ya mji yakasitisha malipo, na watu waliokuwa hawana muda wa kuomba wakaupata. Mwaka 1858 maombi ya namna ile yalikuwa yamesambaa miji mingi ya Marekani. Lanphier hakupanga mtikisiko wa mabenki wala hakuutabiri. Ulipokuja, ulimkuta mlango wake uko wazi.

Huku kwetu Afrika Mashariki nako, mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi kule Namirembe, Kampala. Watu wawili na Biblia, wakitafuta Maandiko yanasema nini juu ya Roho Mtakatifu. Church akarudi Gahini, Rwanda, kwenye hospitali yake. Moto wenyewe ulienea katika miaka ya thelathini, na ulipofika watu waliungama hadharani, wakarudisha mali walizoiba, wakaombana radhi. (Siku hizi tukisema uamsho, wengi wetu tunawaza spika kubwa na uwanja uliojaa.)

Kwa hiyo nami niwaulize ninyi watatu: mnaomba nini hasa? Kama ni kanisa lijae ili waliowacheka waone aibu, ombi hilo litawachosha kabla ya mwaka wa kumi. Kama ni toba, hiyo haihitaji kungoja wengine waje. Ijumaa hii acheni kidogo kuliombea kanisa, kila mmoja ataje lake. Kama kuna deni, lipeni. Tarehe futeni, saa ya alfajiri ibaki ileile.

Na wale kumi na watano, hasa walioacha kuja baada ya Pasaka ile, wapigieni simu mmoja mmoja. Habari za maombi zisiwe za kwanza. Waulizeni hali zao.