Mjane wa Kwenye Wosia Si Lazima Awe Mama

Miti ya familia inayoletwa kukaguliwa siku hizi ina matawi mengi na mizizi haba. Mtu kapata wosia mmoja wa mkulima wa Virginia, koloni la Kiingereza huko Amerika, wa miaka ya 1760, kanyofoa majina, kayabandika, na kabla chai haijapoa ana vizazi vinne. Jamani, taratibu. Haya hapa kwa namba, msije mkasema hamkuambiwa.

1. Muhtasari wa wosia uliochapishwa ni wa kukuonyesha ukurasa tu. Ukishaupata, nenda kwenye kitabu chenyewe cha mahakama, kwa sababu muhtasari hukupa majina na kuacha masharti, na ukoo umejificha kwenye masharti. Kumbuka pia kwamba kitabu cha wosia ni nakala ya karani. Ile "sahihi" unayoipiga picha kwa furaha ni mwandiko wa karani. Kama karatasi za awali zimesalia kwenye faili la mirathi, zitafute.

2. Mke. Hapa tukae kidogo.

Mkulima anaandika: nampa mke wangu mpendwa Mary kitanda kizuri, ng'ombe wawili na matumizi ya nyumba maadamu ni mjane. Halafu anataja watoto tisa. Mkono unawasha, unamwandika Mary kuwa mama wa wote tisa. Wosia haujasema hivyo. Umesema Mary alikuwa mkewe siku ile mkulima alipotia sahihi, basi. Mwanamume wa shamba aliyefiwa na mke akabaki na watoto wadogo hakukaa sana bila kuoa, na mjane mwenye shamba lisilo na mikono ya kulilima naye vivyo hivyo. Watoto tisa, wa kwanza ana miaka 32 na wa mwisho ana mitatu: hapo shaka iingie yenyewe.

Kosa hili tumelifanya wote, wakongwe kwa wapya, tusidanganyane. Na ubaya wake hauishii kwenye jina moja. Ukishamfanya Mary mama, unaanza kumtafuta baba yake Mary. Unampata, unashangilia, unasoma wosia wake, unapanda hadi kwa babu yake, unavuka hadi kaunti ya jirani kutafuta hati za ardhi. Miezi sita ya kazi safi kabisa, yenye nakala na tarehe, juu ya ukoo wa watu wengine. Siku unayogundua, wenzako wameshainakili, na huna namna ya kumfuata kila mmoja kumwomba afute.

Chukua mfano unaojulikana. Nancy Hanks, mama mzazi wa Rais Abraham Lincoln wa Marekani, alifariki mwaka 1818. Mumewe Thomas Lincoln alimwoa Sarah Bush Johnston, mjane mwenye watoto watatu, Desemba 1819. Thomas alifariki 1851, na mjane aliyebaki ni Sarah. Mtu mwenye karatasi za mwisho wa maisha ya Thomas peke yake angemwandika Sarah kuwa mama mzazi wa rais, tena angelala usingizi mnono.

Dalili za kutafuta: pengo la miaka kati ya watoto, maneno kama "wanangu wanne wadogo" yanayowatenga na wengine, na zaidi ya yote, wosia wa babu wa upande wa mama unaowapa kitu "watoto wa marehemu binti yangu". Huo wa mwisho ndio hukata kesi.

Halafu wapo waliokwisha kuungua wakavuka kwenda kosa la pili. Wakiona wosia unasema "mke wangu wa sasa", wanapiga kelele kwamba kulikuwa na mke wa kwanza. Siyo lazima. Mara nyingi ni tahadhari ya mwandishi wa wosia: zawadi hii ni ya mke huyu, isije ikadaiwa na mwingine atakayeolewa baadaye.

3. Kukosa wosia si kukosa mirathi. Wakulima wengi walikufa bila kuandika kitu, na mara nyingi hapo ndipo karatasi zinapozaliana: mahakama inateua msimamizi, msimamizi anaweka dhamana, wathamini wanaandika orodha ya mali, kisha mnada, hesabu, ulezi wa watoto, mgawanyo.

Babu yake Rais Lincoln, Kapteni Abraham Lincoln, aliuawa Kentucky mwaka 1786, wakati Kentucky bado ni sehemu ya Virginia. Shamba lilikuwa kaunti ya Jefferson. Karatasi za mirathi ziko kaunti ya Nelson. Anayetafuta kwenye kaunti ya shamba peke yake ataondoka mikono mitupu. Oktoba 1788 mahakama iliteua msimamizi kwa dhamana ya pauni 1,000. Orodha ikarudishwa tarehe 10 Machi 1789: farasi mweusi pauni 9 na shilingi 10, majembe matatu ya palizi shilingi 7 na peni 6, gurudumu la kusokotea kitani shilingi 6, bunduki moja shilingi 55. Jumla, pauni 68, shilingi 16 na peni 6.

Mgeni wa kwanza anaona 1,000 na kutangaza utajiri. Dhamana si hesabu ya mali, ni kinga ya mahakama dhidi ya msimamizi mlaji. Mgeni wa pili anaona 68 na kumhurumia maskini wa Mungu. Naye kakosea: orodha za Virginia zilihesabu vitu vinavyohamishika, na kapteni alikuwa na maelfu ya ekari ambazo haziwezi kuonekana humo. Ingekuwa New England, yale makoloni ya kaskazini kama Massachusetts, mashamba yenyewe yangeorodheshwa.

Ardhi ilimwendea Mordecai, mwana wa kwanza. Wadogo zake, Josiah na Thomas, hawakurithi hata ekari kwa njia hiyo. Baba hakuwachukia. Virginia ilikwisha kupitisha sheria ya kufuta haki hiyo ya mzaliwa wa kwanza, lakini ilianza kutumika 1 Januari 1787, na kapteni alikufa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kabla ya kutunga hadithi ya ugomvi wa nyumbani, angalia sheria ya koloni husika na mwaka wake. Massachusetts na Pennsylvania, kwa mfano, wasipoacha wosia, mwana wa kwanza alipewa mafungu mawili na wenzake fungu mojamoja. Na yule aliyeachiwa shilingi moja kwenye wosia, mara nyingi keshapewa shamba lake baba akiwa hai. Hati za ardhi zitakwambia.

4. Maneno yaleyale, maana nyingine. "Yatima" ni aliyefiwa na baba, hata kama mama yupo jikoni anapika. "Mtoto mchanga" (infant) mbele ya mahakama ni yeyote chini ya miaka 21. "Mkwe" anaweza kuwa mtoto wa kambo, "binamu" anaweza kuwa mpwa. "Mkubwa" na "Mdogo" (Senior na Junior) baada ya jina huenda ni watu wawili wa kijiji kimoja wasio baba na mwana.

5. Kabla ya 1752, kwenye makoloni ya Kiingereza mwaka ulianza 25 Machi. Wosia wa 10 Februari 1731 uliothibitishwa mahakamani 5 Aprili 1732 haukukaa miezi kumi na minne, haukufika hata miezi miwili. Na tarehe ya kuthibitishwa si tarehe ya kifo, hili limeshachosha.

6. Usilinganishe pauni za makoloni mawili bila kubadilisha: dola moja ya Kihispania ilikuwa shilingi 6 Virginia, 7 na peni 6 Pennsylvania, 8 New York.

7. Orodha ikifika kwenye majina ya watu waliotumikishwa utumwani, yakiwa katikati ya ng'ombe na majembe, msiruke. Kabla ya sensa ya Marekani ya 1870, iliyowaandika kwa majina, huenda hiyo ndiyo karatasi pekee yenye jina la bibi wa mtu. Nakili kila jina, kila bei, kwa mpangilio uleule ulioandikwa, kwa kuwa mama na mtoto wake mara nyingi hufuatana. Ukiwapanga kialfabeti umewatenganisha. Kisha fuata mgawanyo. Virginia, mjane alipewa theluthi yao kwa muda wa uhai wake tu, na alipokufa walirudi kwa warithi wa mumewe. Kwa hiyo mkiwapoteza baada ya kifo chake, msikwame kwenye faili la mjane. Rudini kwenye la mume, hata kama alizikwa miaka 30 nyuma, mkatafute mgawanyo wa pili.