Mbona Rachel kanidanganya?

Swali: Shikamoo Bi Karani. Nimemaliza The Girl on the Train ya Paula Hawkins, kwa Kiingereza changu hiki cha kuungaunga. Rachel anasimulia mwenyewe, kumbe nusu ya anayosema sivyo yalivyokuwa. Nimejiona nimechezewa. Mwandishi anaruhusiwa kufanya hivyo? Halafu mume wangu anasema riwaya hizi za ndoa mbovu zitanifundisha kumshuku. – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ambaye hajaisoma aruke ukurasa huu, maana siri siwezi kuitunza.

Rachel hakukudanganya. Kadanganywa yeye, akakupa alichopewa. Hebu rudi kwenye lile tundu la ukutani. Tom, mumewe wa zamani, alimwambia kwamba usiku mmoja Rachel akiwa chakari alimvamia yeye Tom kwa fimbo ya gofu, akakosa, akatoboa ukuta. Rachel hakumbuki kitu, basi anaomba radhi na kubeba aibu. Lakini kila akilifikiria lile tundu, kinachomjia ni woga, si hasira. Aliyeshika fimbo aogope nini? Ulipewa ufunguo mapema, ukapita nao kwa kuwa nawe ulishamwona Rachel mlevi tu, wa kunywa jini ya kopo ndani ya treni.

Nimekuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo miaka kumi na tisa. Mashauri ya ndoa nimeyaandika mpaka kidole kikaota sugu. Kuna mama mmoja aliulizwa na hakimu mlango wa nyumba yao ulivunjika lini. Kabla hajajibu alimgeukia mumewe, akamtazama usoni kama mtoto anayeomba jibu la hesabu. Mume akasema, "Huyu hana kumbukumbu, mheshimiwa." Maneno ya mume niliyaandika. Ule mtazamo haukuwa na pa kuandikwa.

Na tarehe zilizo juu ya sura unazisoma? Rachel anaanza Julai 2013, Megan, msimulizi mwingine wa kitabu hicho, anaanza Mei 2012. Ukizipuuza utachanganyikiwa, kisha utamlaumu mwandishi bure.

Ukitaka mwongo hasa, tafuta Gone Girl ya Mmarekani Gillian Flynn, ya 2012. Shajara ya Amy inasomeka kama ya mke anayemwogopa mumewe siku hadi siku, kumbe kaitunga ili polisi waiokote. Huyo mkasirikie, ruhusa unayo. (Mimi nilimpigia makofi kidogo, Mungu anisamehe.) Lakini Nick, mume wa Amy, naye usimpe huruma yote: anajisimulia kwa upole, na kurasa nyingi zinapita kabla hajakutajia kwamba ana hawara.

Kuhusu mumeo, usibishane naye. Mpe kitabu asome, akifika kwenye lile tundu muulize nani alishika fimbo. Kisha niandikie alivyojibu.