Barua kwa mwanangu: Yule tunayemwita Babu Askari

Mvumi, Dodoma

Mbukwa mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Nimeona nisikujibu kwa simu, maana kwenye simu mambo ya wazee hukatikakatika, nami nataka uyapate yakiwa yamekaa pamoja. Umeniambia ulisimama pale Posta mbele ya Sanamu ya Askari, ukasoma maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa chini yake, halafu ukaniuliza: "Mama, yule Babu Askari tunayemtaja kwenye matambiko, aliyekwenda vitani asirudi, jina lake liliandikwa wapi?"

Kwanza nikuombe radhi. Babu yule hakuwa askari. Alikuwa mpagazi, na mimi ndiye niliyemfanya askari.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alituuliza nani kwao kuna mtu aliyekwenda Vita ya Mjerumani. Nikanyoosha mkono, nikasema baba yake bibi yangu alikuwa askari, alikufa na bunduki mkononi. Darasa zima likanigeukia. Jioni nikamsimulia bibi, nikidhani atafurahi. Alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe anasaga uwele. Akasimamisha mikono. "Baba yangu hakushika bunduki," akasema. "Alishika mzigo." Kisha akaendelea kusaga. Sikurudi shuleni kusahihisha, na jina la Babu Askari likakua pamoja nasi mpaka likaingia kwenye tambiko.

Bibi alikadiria kwamba alikuwa na miaka minne siku ile. Sura ya baba yake hakuikumbuka hata kidogo. Alikumbuka mgongo. Mlango wa tembe ni mfupi, mtu hutoka ameinama, na asubuhi hiyo baba yake aliinama akatoka, mama mtu akamfungia karanga za kukaanga kwenye pindo la nguo, mgongo ukaenda. Uwele ulikuwa umeshavunwa. Wajumbe wa mtemi walikuwa wamepita kaya kwa kaya wakisema Wazungu wanataka watu wa kubeba mizigo, siku kumi tu. Bibi kila akifika hapo aliirudia: siku kumi tu. Mama yake alikuwa na mimba.

Wazungu gani? Hilo limenisumbua miaka mingi, kwa sababu ukimtafuta mtu wa namna hii ni lazima ujue alimbebea nani. Mwisho wa Julai 1916 jeshi la Waingereza, wengi wao wakiwa Makaburu wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, liliingia Dodoma likitokea Kondoa. Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma kufuata reli, kuelekea Kilosa na Morogoro. Hawa wakiondoka walichukua watu, ng'ombe na nafaka. Wale wakiingia wakachukua kilichobaki. Kwa mwenye tembe wote walikuwa Wazungu.

Kilichonifungua macho ni maneno ya jirani yao mmoja, aliyechukuliwa siku hiyo hiyo akarudi. Alisema walifika hadi Rufiji, mvua ikawakuta huko, mto ukafurika, na baba yake bibi akashikwa na tumbo la kuhara damu. Wakamlaza chini ya mti, wakamwachia kibuyu cha maji, msafara ukaendelea. Yeye jirani alikuja kurudishwa kwa gari moshi kutoka kwenye kambi ya wapagazi ya Dar es Salaam. Sasa, Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu Septemba 1916, na mafuriko makubwa ya Rufiji yaliyowakuta wanajeshi ni ya mwanzoni mwa 1917. Kwa hiyo ni Waingereza waliombebesha. Kikosi chao cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, midomo ya watu ikakilainisha, na kambi yake ikabaki na jina mpaka leo: Kariakoo. Hapo unaponunua vitenge, mwanangu, ndipo alipopitia yule jirani aliyetuletea habari.

Usifikiri alikufa peke yake kwa bahati mbaya. Mzigo ulikuwa kama kilo 25, kila siku, kwenye matope. Watu waliozoea ugali wa uwele na mlenda walipewa unga mwingine, wakaupika haraka kwa kuni mbichi, wakaula haujaiva, na matumbo yakaharibika. Risasi iliua wachache kuliko tumbo, homa na kifua. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia laki moja. Na huku Ugogo walikotolewa, ghala zilikuwa tupu na wanaume hawapo, mvua nayo ikagoma. Ndiyo ile njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya. Bibi hakupenda kuisimulia. Alisema tu kwamba walikula mabuyu mpaka mabuyu yakaisha, na kwamba kuna watoto waliotolewa kwa watu wa mbali ili wapate kuishi. Alipomaliza kusema hivyo alinyamaza, nasi tukajifunza kutouliza.

Basi swali lako. Jina lake liliandikwa wapi?

Kama liliandikwa kambini, ni kwenye daftari ambalo sijaliona, na mawe hayana. Tume ya Makaburi ya Vita, ile ya Jumuiya ya Madola ambayo ilianzishwa 1917, iliwawekea Wazungu waliokufa huku mawe yenye majina, mtu na lake. Waafrika walipewa ukumbusho wa pamoja, kama hiyo sanamu uliyosimama mbele yake, ya mwaka 1927. Makaburi mengi ya wapagazi yaliachwa yarudi kuwa pori. Haya si maneno yangu ya uchungu. Tume yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakiri na kuomba radhi. Walisema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iangalie tena ile sanamu ukipita. Maandishi yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi yumo kwenye maneno tu.

Askari angalau alibaki na kitu cha kuonyesha. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wazee waliobaki, walikusanyika Mwanza na wengi hawakuwa na cheti. Basi kila mmoja alipewa fagio, akaamriwa kwa Kijerumani kulishika kama bunduki kwenye gwaride, na hakuna aliyekosea. Nimeifikiria sana habari hiyo. Baba yake bibi angepewa fagio asingejua la kufanya nalo. Alama yake ilikuwa begani, na bega lilikwenda naye.

Kwa miaka mingi niliishia hapo. Ila kuna jambo ambalo nimelipata mwaka huu, na nilitaka nikwambie ana kwa ana, lakini umeuliza, siwezi kulifungia.

Ile mimba ilizaa mtoto wa kiume, mdogo wake bibi, na kwa ajabu ya Mungu alipona Mtunya. Huyu ndiye aliyeingia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, wakati wa Vita ya Pili. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumika katika vita ile, na vikosi vya Keya vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, vilipelekwa Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, wakati wa masika ya kule, walishuka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin, njia yenyewe tope mpaka magotini. Bibi alipaita Bama. Alikuwa na bati la majani ya chai, na ndani yake karatasi moja iliyokunjwa mara nne, pembeni imeliwa na mende, ambayo hakuweza kuisoma lakini alijua inasema nini. Bati hilo nilirithi mimi.

Karatasi ina namba ya askari, lakini jina limechanika katikati. Ofisi moja nilikoipeleka ilinizungusha miezi mitano, kisha nikaambiwa hakuna kitu. Nikaenda kanisani hapa Mvumi, nikaomba niangaliziwe kitabu cha ubatizo. Mzee wa kanisa alinifunulia kurasa taratibu kwa kidole alicholowesha kwa mate, mpaka tukamfikia. Alibatizwa kabla ya kuingia jeshini: jina lake, na mbele yake, kwa wino uliofifia ukawa rangi ya kahawia, "mwana wa", na jina la baba yake.

Nikampa binamu yako namba ile na majina yote mawili, atafute kwenye orodha ya Tume kwa simu yake. Mara ya kwanza hapakutoka kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba karani wa jeshi aliandika alivyosikia, si tunavyotamka. Tukabadilisha: Chi- yetu tukaijaribu kuwa Ki-, l tukaifanya r, irabu ya mwisho tukaikata. Ukija kutafuta mtu wa upande wa baba yako fanya hivyo hivyo, anza na namba, na jina liandike kwa kila namna ambayo sikio la mgeni lingeweza kulikosea. Na ukipata muda pita Nyaraka za Taifa hapo Dar es Salaam. Majalada ya wakati wa Mjerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza vipo, vitakufundisha jinsi watu walivyochukuliwa, ingawa sidhani vitakupa jina la mpagazi.

Jaribio la saba akatokea. Namba ni ile ile. Amefariki Oktoba 1944, kaburi halijulikani, na kwa hiyo jina limechongwa kwenye mnara wa ukumbusho uliopo makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, pamoja na wengine karibu 27,000 wasio na kaburi. Binamu yako akanisogezea simu nisome mwenyewe. Karani alikuwa ameandika kama kitabu cha kanisa: jina lake, mwana wa, halafu jina la baba.

Nililisoma lile jina la pili nikaketi chini. Ni yeye, mwanangu. Mpagazi. Wamelikosea herufi mbili, lakini ni yeye. Hajawahi kufika Burma, aliishia Rufiji chini ya mti, na mwanawe hakuwahi hata kumwona mgongo. Lakini mwana alipoulizwa na karani wewe ni mtoto wa nani, alimtaja.

Nimeongea na wajomba zako. Tambiko la mwaka huu, baada ya mavuno, jina la Babu Askari tutamrudishia huyu wa Burma, ndiye mwenye nalo. Baba yake tutamwita kwa jina lake, na kazi yake tutaitaja ilivyokuwa. Nataka uwepo. Uchapishe ule mstari kwa herufi kubwa kwenye karatasi nzuri, uje nayo; binamu yako atakutumia. Tutausoma pale kwenye mbuyu, ambapo bibi alinionyesha kwamba mlango wa tembe ulikuwa unatazama, na karanga nitazikaanga mimi.

Mama yako