Afande umestaafu, umerudi Uyole, unataka kuingia kwenye ujenzi

Shikamoo afande, karibu nyumbani. Umesema jeshini ulikuwa kwenye kikosi cha ujenzi, unajua zege, nondo na kusoma ramani, ila cheti huna. Usirudi darasani kuanza mwanzo na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini: unapimwa kwa vitendo, wakiona sehemu unapwaya wanakunoa hapo tu, halafu unapata cheti. Kituo kipo hapo Mbeya, na Iringa pia kipo.

Ukandarasi nakushauri uusubiri. Bodi ya Usajili wa Makandarasi wanaanzia daraja la saba, ndilo la chini kabisa, na wanataka kampuni iliyosajiliwa, fundi mwenye sifa na mtaji. Kiinua mgongo kikishaingia kwenye mashine ya kukodi ya kuchanganya zege na malipo ya halmashauri yanayochelewa, kukirudisha ni shughuli.

Anza na usimamizi wa saiti, au stoo. Saiti nyingi zinavuja hapo: saruji inatoka usiku, wanaandikwa vibarua hewa wasiokuwepo kazini. Mtu aliyezoea gwaride na kuhesabu silaha anatafutwa sana, ingawa ile sauti ya kambini uipunguze kidogo, maana fundi wa mtaani ukimfokea anabeba mwiko wake anaondoka.

Nenda mapema kutafuta kazi saiti. Mvua za Novemba zikishaanza, watu wengi husitisha kujenga msingi, na utakaa bila kazi hadi Mei.