Jibu: Asiyekula nyama wala samaki atakula nini Unguja na Pemba?

Dada, umeuliza kama utapata chakula Unguja na Pemba ilhali huli nyama wala samaki. Utapata, tena kitamu, ila uliza kilichopikiwa sufuriani, usitazame sahani tu.

Pilau ndiyo inayowaponza wengi. Mpishi atakwambia haina nyama kwa sababu ameviondoa vipande, kumbe mchele umeivia kwenye supu ya ng'ombe. Sema mapema: "Sili nyama, kuku wala samaki, hata supu yake." Muhogo wa nazi nao mara nyingi hutiwa samaki, papa au ng'onda (samaki mkavu). Wali wa nazi kwa maharage au mchicha hauna shaka nyingi. Asubuhi chukua mbaazi za nazi na mandazi ya moto. Kwangu mimi hakuna chai ya asubuhi inayoishinda hiyo.

Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe wa Unguja yenye soko la vyakula jioni, agiza urojo, ule mchuzi mzito mchachu wa Kizanzibari, bila mishkaki, na bila yai kama nalo huli. Bado utabaki na kachori, bajia, viazi na chipsi za muhogo, na ule uchachu wake. Muulize muuzaji kama mafuta ya bajia hayakukaangiwa samaki.

Pemba mikahawa ni michache. Ukifikia Chake Chake au Wete, mwambie mwenyeji wako tangu asubuhi, naye atakupikia kwa moyo mmoja. Na ukija Ramadhani, mchana kwingi kumefungwa, lakini futari imejaa vyakula vyako: muhogo, ndizi, viazi vitamu na shelisheli, vyote kwa tui la nazi; muhogo tu ndio uulizie kama haukutiwa samaki.